Kikapu Alichobeba Djaanfar

Mahabibo, Mahajanga
11 Juni 1962

Kwa kaka yangu Chaïbou, Mungu akuweke,

Pokea salamu zangu, wewe na binti yako Hayrat na watoto wake. Sisi tu wazima wa mwili. Koulsoum wangu anakuamkia, na mumewe Djaanfar ndiye atakayekukabidhi barua hii. Mjukuu wa jirani yetu Bi Hadidja ameingia skuli, sasa anauimba wimbo wa Jamhuri tangu alfajiri mpaka mtaa mzima unatamani angebaki mjinga. Barabara ya kaskazini imekauka na malori yanapita.

Kaka, mdondo umeingia Mahabibo. Kuku anaamka amejikunyata, shingo imepinda, na jua likikaribia kuchwa unamkuta ameanguka. Kwa Bi Hadidja hakuna hata jogoo wa kuwika. Wangu wamebaki mitetea wawili, na macho yao siyapendi. Unawajua kuku hawa, weusi wenye shingo tupu, ambao mama alivuka nao kutoka Nzwani ndani ya tenga akiwa bibi harusi. Wakifa hawa hakuna wengine.

Kwa hiyo nimekuwa nikiyaweka mayai yao chini ya kitanda tangu jogoo alipokuwa hai, na sasa nakuletea. Huko kisiwani ugonjwa haujavuka. Tafuta kuku anayeatamia umwekee. Vifaranga vikikua na huku kukitulia, utanirudishia jogoo mmoja na mitetea wachache.

Nimeyapanga kwenye kikapu ndani ya makapi ya mpunga. Nimemwambia Djaanfar kikapu kisikae juu ya magunia, kikae mapajani mwake mpaka Ambanja, na kwenye mashua ya Ankify vilevile. Ameniuliza kama ayaatamie kabisa ili awe na vifaranga kabla hajafika kwako. Huyo ndiye mkwe wangu.

Dereva mwenzake anapiga honi. Mengine nitakuandikia kwa posta.

Mdogo wako,
Roukia

—

Mahabibo
14 Juni 1962

Kaka yangu Chaïbou,

Nakusalimu tena kabla salamu za kwanza hazijapoa. Sijakaa sawasawa tangu lori liondoke. Mtetea mmoja amekufa jana.

Yale niliyoshindwa kuyaandika ni haya. Mayai yaliyotikiswa njiani usiyaweke chini ya kuku siku hiyohiyo. Yapumzishe mahali pa kivuli, upande mwembamba uwe chini. Lenye ufa mdogo lizibe kwa nta ya mshumaa. Na usiyaoshe. Utayakuta na uchafu kwa sababu mitetea wangu hutaga chini, lakini yaache hivyohivyo, au pangusa kwa kitambaa kikavu. Maji hapana, hufungua ganda na uozo ukaingia. Mama alinipiga kofi kwa ajili ya jambo hilo nilipokuwa mdogo. Wewe ulikuwa chuoni na vitabu vyako, hukuona.

Niandikie upesi. Hata neno moja.

Roukia

—

Hell-Ville, Nosy Be
24 Juni 1962

Kwa mdogo wangu Roukia, salamu na rehema,

Barua yako iliyokuja na kikapu imenifikia, na mgeni wako amefika. Hayrat hajambo. Mwanawe mkubwa ananiuliza kwa nini namwandikia shangazi wa mama yake kwa Kiswahili wakati nyumbani tunasema Kimalagasi. Nimemjibu kwamba baba yetu alituachia lugha hii kama wengine walivyoachiwa mashamba, na kwamba tumebaki wawili wa kuilima. Mjini wanatundika bendera kwa ajili ya sikukuu ya uhuru, tarehe ishirini na sita.

Djaanfar alikunywa chai akarudi Ankify kwa mashua ya mchana. Mayai machache yalikuwa na nyufa. Nimeyaziba kwa nta, maana nakumbuka somo hilo kutoka kitabu cha Kifaransa cha mambo ya shamba nilichokuwa nikiwafundishia wanafunzi. Mengine yalikuwa mazima.

Kuku anayeatamia sikumpata. Jirani alikuwa naye mmoja, tukajaribu kumwekea yai, akainuka akaliangalia kama mtu aliyeletewa mashtaka ya uongo, akaondoka. Basi nimetengeneza sanduku la mbao na chemli pembeni yake, na bakuli la maji ndani ili hewa isikauke. Nageuza mayai kwa mkono baada ya kila sala. Sanduku nimeliweka chumbani mwangu, karibu na msala.

Tumwachie Mungu.

Chaïbou

—

Hell-Ville
19 Julai 1962

Mdogo wangu Roukia,

Natumai barua hii inakukuta katika afya. Hayrat anakusalimu. Barua yako ya tarehe kumi na nne imenifikia kwa kuchelewa, bahasha imelowa.

Habari si njema. Hakuna lililoanguliwa. Siku zake zilipopita nilingoja zaidi, kisha nikayapasua. Yote yameharibika.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika linalofuata, na sikuliandika mwanzo ili nisimharibie kijana wa watu. Kikapu kilipofika kilikuwa cha moto. Inaonekana Djaanfar alikawia Ankify, na mayai yakakaa juani. Joto la namna hiyo huua kiini kabla hakijaanza kazi. Nilijaribu kuyaokoa kwa ujuzi nilio nao, lakini kilichokufa njiani hakifufuki kwa taa.

Usimkaripie sana. Vijana husahau.

Kaka yako,
Chaïbou

—

Mahabibo
8 Agosti 1962

Kaka Chaïbou,

Salamu zako zimefika. Huku hatujambo, nawe usichoke kutuombea.

Mtetea wa mwisho alikufa siku ambayo barua yako ilifika. Nilikuwa nimemfungia jikoni, namlisha kwa kidole. Nimemzika mwenyewe nyuma ya choo, na Koulsoum akanicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Djaanfar nimemuuliza mbele ya mkewe. Aliapa kwamba hakukawia Ankify hata kwa kikombe cha kahawa. Nikamwambia, mzee aliyefundisha watoto wa Hell-Ville maisha yake yote ameandika kwa mkono wake, na wewe unampinga? Nikamwambia hakuna kitu alichowahi kubeba kikafika kizima, hata mahari ya mwanangu ilifika pungufu. Majirani walikuwa mlangoni. Sikujali.

Unakumbuka kwamba alikuwa na mke kabla ya Koulsoum, Ansoifa wa Ambanja. Kutoka Ambanja mpaka Ankify si mbali. Barua yako nimemsomea Koulsoum. Amelia.

Niambie kaka, unajua zaidi ya uliyoandika?

Roukia

—

Hell-Ville
2 Septemba 1962

Mdogo wangu,

Wote hapa wanakusalimu. Mwandiko wangu utauona umepinda. Ni kalamu.

Unaniuliza ninajua nini zaidi. Mimi sikuwapo Ankify. Nilichoona ni kikapu, nacho nimekwisha kukieleza. Huyo mwanamke wa Ambanja sina habari naye. Mambo ya mke na mume yana wenyewe, nakusihi usiyaingie.

Ningependa tuyaache mayai haya. Kuku ni kuku.

Chaïbou

—

Mahabibo
7 Oktoba 1962

Kaka,

Kuku ni kuku, umeandika. Nimeisoma sentensi hiyo nikatafuta ni nani aliyeiandika, maana kaka yangu alilia jogoo wa mama alipochinjwa, naye alikuwa na ndevu tayari.

Nakuarifu kwamba Koulsoum amerudi kwangu. Alimwambia Djaanfar achague kati ya kusema ukweli kuhusu Ansoifa na kumwacha. Djaanfar alisema hana ukweli mwingine wa kumpa. Akamwomba wasubiri mpaka hasira zipungue. Koulsoum hakutaka. Mwisho wa mwezi uliopita Djaanfar ametoa talaka moja mbele ya mashahidi, akachukua shuka lake na viatu vyake vya safari, sasa analala gereji kwa tajiri wa malori. Koulsoum yuko katika edda. Haendi popote, hasemi sana. Anafua nguo ambazo si chafu.

Mimi niliyemtaka aachike sasa namwona mwanangu akikaa mlangoni kila lori likipita.

Hujanieleza afya yako tangu Juni. Kalamu haipindishi mwandiko namna hiyo. Niambie.

Roukia

—

Hell-Ville
30 Novemba 1962

Kwa Roukia binti wa mama yangu,

Nakusalimu, na leo salamu zangu ni fupi kwa sababu pumzi ni fupi. Hayrat ananishikia ubao wa kuandikia. Hajui ninachoandika. Anadhani ni wasia, na kwa namna fulani hajakosea.

Mimi ni mgonjwa tangu baada ya Idi. Tumbo limejaa maji na miguu imevimba, daktari amenitoboa mara kadhaa na maji yanarudi. Hatembei tena yule kaka yako. Kikapu chako kilipofika nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa kitandani. Sikukuambia kwa sababu ungepanda lori uje, na mimi sikutaka unione hivi. Ndiyo maana sanduku liliwekwa chumbani mwangu. Palikuwa mahali pekee ambapo mkono wangu ungelifikia.

Sasa nisikilize. Djaanfar hakukawia Ankify.

Aliingia kwangu mapema, suruali imelowa mpaka magotini kwa kushuka majini, kikapu amekikumbatia kifuani. Hayrat alimwambia akae, akakataa kukaa mpaka kikapu kiwekwe. Akaniambia, "Mjomba, yaangalie moja moja mbele yangu, maana nikirudi mama ataniuliza na majina yao." Makapi yalikuwa baridi, Roukia. Nilitia mkono ndani, yalikuwa baridi na makavu. Machache tu yalikuwa na nyufa, kwa barabara ile hata jiwe lingepata ufa. Alikuwa ameyafikisha.

Alipoondoka niliyatazama. Yalikuwa na kinyesi cha kuku, mengine yamepakwa nusu nzima. Nami ninasali kwa kukaa, kwenye kitanda hiki, sanduku liko mkononi mwangu. Nilijiambia siwezi kugeuza mayai yenye najisi kisha nikanyoosha mkono uleule kwenye msala. Nilimwambia Hayrat alete beseni. Nikayaosha kama tulivyofundishwa, maji juu ya maji mpaka rangi na harufu vimeondoka, nikayasugua kwa maganda ya nazi. Hayrat aliuliza kama kuku huoga kabla ya kuatamia. Nikamkemea. Nilimwambia anayejua twahara hahitaji kufundishwa na anayejua jikoni. Nikayapanga yaking'aa meupe, nikafurahi nayo. Wakati huo barua yako ya pili ilikuwa bado imelala posta.

Ilipofika, mayai yalikuwa yamekwisha kupata siku nyingi sandukuni. Nilisoma maneno yako kuhusu maji. Nilisoma habari ya kofi la mama. Nilikunja barua nikaiweka chini ya mto, na nikaendelea kuyageuza baada ya kila sala kana kwamba sikuisoma.

Harufu ilianza mapema Julai. Hayrat alibeba sanduku mpaka uani, naye akanibeba mimi kwenye kiti, nikayapasua mwenyewe. Yasiyokuwa na ufa yalioza sawa na yaliyokuwa na ufa. Na ndani ya baadhi, kabla uozo haujayamaliza, palikuwa na mishipa myekundu imetandaa, na nukta ya jicho. Kwa hiyo yalifika hai. Yalianza kukua mikononi mwangu, na maji yangu yakayaua polepole.

Ningeweza kukuandikia hivyo siku ileile. Ningeweza hata kulaumu ngoma za tarehe ishirini na sita, zilizotikisa nyumba mpaka asubuhi, wala asingeumia mtu. Nikamchagua Djaanfar. Kwa nini yeye? Kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini kwamba amekosa. Ulikuwa umenizoesha barua zilizojaa makosa yake. Nilijua hutaniuliza mara mbili. Na nilikuwa ninakufa, na nilitaka mtu mmoja duniani abaki akidhani kwamba ninajua kila kitu.

Uliponiuliza mara ya pili, mlango ulikuwa wazi, nikaufunga kwa kusema nilichoona ni kikapu. Kisha ukaniandikia habari ya talaka. Tangu siku hiyo nimeanza barua hii na kuiacha, nikijiambia nitapona kwanza. Sitapona.

Sijui huyo Ansoifa aliingiaje. Mimi sikumtaja. Kama watu walitunga, walitunga juu ya msingi niliouweka mimi.

Nakuomba mambo mawili, na la kwanza lina haraka. Talaka ni moja, na edda haijaisha. Mpelekee Djaanfar maneno haya, na Koulsoum vilevile, kabla mlango wa kurejeana haujafungwa. La pili ni radhi. Yako naiomba, lakini ya Djaanfar naiomba kwanza, maana ndiye niliyemdhulumu. Mwambie sina cha kumpa. Mwambie alifikisha.

Chaïbou

—

Mahabibo
18 Desemba 1962

Kaka yangu Chaïbou,

Nakusalimu, na naomba barua hii ikukute unaweza kuisikia. Yako imechelewa kwa sababu ya mvua, nimeipata jana. Nilifikiri kwenda kupiga telegramu, lakini nilipofika dirishani na karani akaniuliza maneno gani, nilirudi nyumbani.

Radhi yangu unayo. Nilikaa nayo kidogo, sitakuficha, nilikasirika. Si kwa kuyaosha. Mtu mgonjwa anayetaka kusali na mkono safi, nani atamlaumu? Ningekuwa karibu ningekupiga kofi la mama yaishe. Ni kwa ule wino uliofuata. Lakini unayo, kamili, ya mayai na ya yote.

Leo asubuhi nilikwenda gereji. Djaanfar alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Nikamwambia nina barua ya mjomba. Akasema nisome, yeye anasikia kutoka hapo. Basi nimeisoma barua yako nimeinama nikizungumza na miguu ya mtu, mafundi wengine wamesimama wanasikiliza, nami naigeuza kwa Kimalagasi sentensi baada ya sentensi. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye mishipa myekundu, alitoka chini.

Aliniuliza, "Yalikuwa yameanza kukua?"

Nikamwambia ndiyo, ameandika hapa, mpaka nukta ya jicho.

Akapangusa mikono yake muda mrefu. Kisha akasema, "Mwandikie mzee leo hii kwamba nimemsamehe. Asisubiri." Akaniuliza kama unaumwa sana, na kama Hayrat ana mtu wa kumsaidia kukunyanyua. Mwezi huu malori hayaendi kaskazini, la sivyo angekuja.

Nikafikiri yamekwisha. Nikamwambia, basi mwanangu twende nyumbani. Akanitazama, akasema, "Mzee nimemsamehe. Wewe, mama, bado."

Nilimuuliza nimefanya nini zaidi ya kuamini barua. Akasema, "Barua uliyonisomea sasa haina Ansoifa. Na ya kwanza je, ilikuwa naye?"

Kaka, umeniandikia kwamba hujui Ansoifa aliingiaje, na kwamba labda watu walitunga. Hakuna watu. Koulsoum hajui kuzisoma barua zetu za Kiswahili. Siku ile ya Agosti nilimsomea yako, na nilipofika pale ulipoandika kwamba inaonekana alikawia Ankify, nikaongeza, kwa sauti yako ileile ya kufundisha, kwamba alionekana Ambanja kwa yule mwanamke. Niliona kwenye uso wa mwanangu kwamba ameamini, nikaendelea kusoma mpaka salamu za mwisho. Sikumtaka mtu huyu tangu mwanzo. Nilimtaka karani, nikapewa mtu wa malori anayecheka. Wewe ulinipa ufa, nami nikaupasua.

Nikamwambia Djaanfar hayo. Mafundi walikuwapo. Hakusema neno la matusi. Alisema atamrejea Koulsoum ikiwa Koulsoum mwenyewe atamwita, baada ya kuambiwa yote na mimi, si nusu, wala isiwe kwa mdomo wa mtu mwingine. Yeye hatakuja kugonga mlango. Kisha akarudi chini ya lori.

Siku zilizobaki za edda ni chache. Nimerudi nyumbani, nikachukua kalamu, nikakuandikia wewe kwanza, kwa sababu wewe uko mbali.

Naifunga barua hapa. Koulsoum yuko uani anaanua nguo, na bado sijamwambia.

Roukia